Busanda Iliweza Mara Tatu, Sisi Upinzani Tunaogopa Nini?



Wiki mbili zilizopita nilikuwa nyumbani, kijiji kimoja kati ya Kahama na Geita ambacho sitakitaja kwa sababu wahusika wananijua na mimi nawajua. Nilikaa na wazee wetu wa upinzani, watu wa siku nyingi, walioanza kukimbizana na mabomu ya machozi wakati mimi niko darasa la tatu. Tulikuwa tunapiga hesabu za uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024: kitongoji gani tuna mtu, kipi hatuna, nani ana baiskeli. Nikasema mimi nachukua fomu ya uenyekiti wa kijiji. Nina miaka 23, kanuni inataka 21. Kusoma na kuandika naweza, nadhani hilo halina ubishi.

Mzee mmoja ninayemheshimu kabisa akaniangalia kwa upole, akasema: "Ng'wanone, wewe umesoma sheria. Usihangaike na mambo ya kijiji. Subiri mwakani, kuna viti maalum. Kule ndiko kwenu."

Hakunitukana. Angenitukana ningejua pa kuanzia. Alikuwa ananionea huruma, na wenzake wakatikisa vichwa kukubali, na mazungumzo yakahamia kwenye baiskeli. Nimerudi chuo na hilo neno "kwenu" bado limenikaa kooni, kwa hiyo nimeamua kulijibu hapa, mbele ya watu, maana kule barazani nilinyamaza. Naomba radhi kwa kunyamaza.

Tuanze na hesabu ndogo. Katika uchaguzi wa 2020 Mkoa wa Shinyanga ulikuwa na majimbo sita: Shinyanga Mjini, Solwa, Kishapu, Kahama Mjini, Msalala na Ushetu. Geita ulikuwa na saba: Geita Mjini, Geita, Busanda, Nyang'hwale, Chato, Bukombe na Mbogwe. Jumla 13. Katika Bunge lililotokana na uchaguzi wa 2020, wabunge wa majimbo hayo walikuwa wanaume 13. Siyo kumi na wawili na mmoja. Kumi na tatu kwa kumi na tatu. Ukanda mzima wa dhahabu, ukiongeza na almasi ya Mwadui, haukuwa na hata jimbo moja lililomtuma mwanamke Dodoma mwaka huo.

Sasa utaniambia, ndiyo hivyo, Wasukuma ndivyo walivyo, huku hawamchagui mwanamke. Hili nimelisikia kutoka kwa watu wa CCM, nimelisikia kwa watu wetu, nimelisikia hata darasani kwa mtu wa Dar ambaye hajawahi kuvuka Singida. Ni uongo, na ushahidi wa kwamba ni uongo uko Busanda.

Mei 2009 Busanda ilifanya uchaguzi mdogo baada ya kufariki mbunge wake, Faustine Rwilomba. CHADEMA walimsimamisha Finias Magessa. CCM walimsimamisha Lolesia Bukwimba. Nendeni mkalione eneo la Busanda ya wakati ule kwanza halafu ndiyo mzungumze: Katoro na vumbi lake na biashara zake za usiku na mchana, Nyarugusu, Rwamgasa, maduara na makarasha, vijana wanaotoka shimoni wamekuwa weupe kwa unga wa mawe. Kama kuna mahali pa "kiume" katika nchi hii ni pale. Na pale mwanamke alishinda. Akashinda tena uchaguzi mkuu wa 2010. Akashinda tena 2015, mwaka ambao CCM walitoka jasho nchi nzima. Mara tatu, wachimbaji wale wale ambao tunaambiwa hawawezi kumpa mwanamke kura. Mwaka 2020 jimbo likarudi kwa mwanaume.

Na mimi ni mtu wa upinzani, kuandika hivi meno yananiuma. Ningependa sana mfano wangu utoke kwetu. Lakini tangu uchaguzi wa 2005 hadi wa 2020, mwanamke pekee aliyeshinda jimbo katika eneo ambalo sasa ni mikoa ya Shinyanga na Geita ni mwana-CCM, na aliingia kwa kumshinda mgombea wa upinzani. Sisi tuliokuwa tunaimba mabadiliko tulikuwa upande wa pili wa karatasi ya kura. Hilo lituume kidogo.

Kwa hiyo wapiga kura hawana tatizo hilo tunalowasingizia. Jina la mwanamke linakwama kabla halijafika kwao. Linakwama kwenye vikao kama kile changu cha baiskeli.

Kuna jambo jingine la mkoa wa Shinyanga linalochekesha, kama una moyo wa kucheka. Wakuu wa mkoa wanawake tumewapata wengi tu. Machi 2016 aliteuliwa Anna Kilango Malecela. Hakumaliza hata mwezi. Alisema mkoa hauna watumishi hewa, wakakutwa wapo, Rais Magufuli akamtumbua. Akaja Zainab Telack, akakaa miaka. Baadaye Sophia Mjema. Baadaye Christina Mndeme. Wote wanawake, wote wameongoza mkoa huu huu ambao eti hauwezi kuongozwa na mwanamke, na wazee wa huku wamesimama na kuvua kofia kuwapokea. Sijasikia mzee aliyesema "huyu akasubiri viti maalum." Mwanamke akiletwa na mkono kutoka juu, hakuna mwenye shida. Shida inaanza pale anapotaka kuja kwa miguu yake mwenyewe, kutoka chini, kwa kura.

Mkono huo wa juu ndiyo nataka tuuzungumzie.

Nchi hii haijaanza jana kuwa na wanawake kwenye siasa. Bibi Titi Mohamed alizunguka na TANU kabla wengi wa waliokuja kuitwa waasisi hawajajulikana hata mitaani kwao. Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria, ule wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, uliwaingiza Sophia Mustafa na Lady Chesham. Bibi Titi akaingia baadaye kidogo. Halafu 1965, uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja, akaanguka Rufiji. Mwanamke aliyewaandikisha wanawake wenzake kwenye chama kwa maelfu alikwenda kwa wapiga kura, akashindwa, akatoka. Nataja hilo kwa sababu siku hizi tunamkumbuka kama jina la barabara tu. Alikuwa mwanasiasa. Aligombea. Kugombea kuna kushindwa ndani yake, na kushindwa hakumfanyi mtu kuwa mzigo kwa chama.

Mwaka 1975 wakapatikana mawaziri wanawake wa kwanza, Tabitha Siwale na Julie Manning. Manning alipewa Sheria. Sisi wasichana wa kitivo cha sheria tunalipenda hilo jina, na wengi wetu tumeligundua wenyewe maktaba, hakuna aliyetufundisha.

Viti maalum vya Bunge vikaja 1985, viti 15. Baada ya vyama vingi vikawa asilimia, vikaongezeka kila baada ya miaka, na tangu 2005 Katiba inasema visipungue asilimia 30. Baada ya uchaguzi wa 2020 vilikuwa 113. Simdharau aliyevibuni. Bila vile, Bunge letu lingekuwa kikao cha ukoo wa kiumeni. Na wapo waliovitumia kama ngazi kweli. Halima Mdee aliingia kwa viti maalum 2005, miaka mitano baadaye akaichukua Kawe. Esther Bulaya alikuwa viti maalum, 2015 akaenda Bunda Mjini kumng'oa Stephen Wasira, na mwaka huo huo Ester Matiko akaichukua Tarime Mjini. Bunda na Tarime ni Kanda ya Ziwa hii hii, jamani. Hata Rais Samia, ambaye mnanitajia kila nikifungua mdomo ("Rais ni mwanamke, mnataka nini tena?"), alianza Baraza la Wawakilishi 2000 kwa viti maalum, akagombea Makunduchi 2010 akashinda. Halafu akawa mgombea mwenza, na Machi 19, 2021 Katiba ikampa Ikulu, siku mbili baada ya kufariki mtu wa Chato. Ngazi ilifanya kazi kwa waliopanda wakatoka.

Lakini ngazi ikiwekwa ndani ya chumba kisicho na mlango wa pili, unapanda unagusa dari. Hebu tusome sheria, ndiyo kazi yangu.

Ibara ya 78 inasema viti maalum vinagawanywa kwa vyama kulingana na kura za ubunge, na chama lazima kifikishe angalau asilimia tano. Maana yake kwa Kiswahili cha barabarani: mimi natembea Ushetu nzima juani kumwombea kura mwanaume anayegombea jimbo. Kura zake zinaingia kwenye asilimia ya chama. Asilimia inazaa viti. Halafu nani anakalia kiti anaamua aliyepanga orodha. Mwananchi wa Ushetu hajawahi kuona jina langu kwenye karatasi. Hawezi kunichagua na, hili ndilo baya zaidi, hawezi kuniondoa. Bosi wangu ni orodha.

Ibara ya 51 inasema Waziri Mkuu atatoka miongoni mwa wabunge wa kuchaguliwa majimboni. Mbunge wa viti maalum, awe na akili kama ya nani, hawezi kuwa Waziri Mkuu wa Tanzania. Imeandikwa. Sheria ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo ya 2009 inampa uenyekiti wa kamati ya mfuko mbunge wa jimbo. Wa viti maalum anaweza kuwa anawakilisha mkoa mzima, wilaya zote, na hana hata fedha ya kuezeka darasa moja. Kisha tunamcheka majukwaani kwamba hajafanya kitu. Vicky Kamata, Upendo Peneza, Azza Hilal, Rachel Mashishanga: wa CCM na wa CHADEMA, wote wamepita katika mikoa yetu hii miwili kwa mlango huo, wamesema bungeni kwa nguvu, na mkulima wa pamba wa Kishapu alikuwa bado anakuuliza "mbunge wetu ni nani?" na kutaja mwanaume.

Sasa nifike kwenye kidonda, maana nikiruka mtasema naogopa.

Oktoba 2020 Salome Makamba alifanya kile hasa ninachokisema hapa. Alitoka viti maalum, akaenda kugombea jimbo, Shinyanga Mjini, kwa tiketi ya CHADEMA. Mpinzani wake alikuwa Patrobas Katambi, mtu aliyewahi kuwa mwenyekiti wa vijana wa chama hicho hicho kabla hajahamia CCM. Uchaguzi ule mnaujua ulivyokuwa, sina haja ya kuurudia. Katambi akatangazwa. Novemba 24 Salome akawa miongoni mwa wanawake 19 walioapishwa Dodoma kama wabunge wa viti maalum wa CHADEMA, wakati chama kinasema hakijapeleka jina la mtu. Siku tatu baadaye wakafukuzwa uanachama. Mei 2022 Baraza Kuu likazitupa rufaa zao, Desemba 2023 Mahakama Kuu ikasema Baraza Kuu halikuwatendea haki katika kusikiliza rufaa hizo, na mwaka 2024 walikuwa bado wako bungeni.

Sitawatetea. Kama orodha haikutoka chamani basi kilichofanyika ni dharau kwa kila kijana aliyelala rumande wiki ile. Lakini naomba mnivumilie kwa swali moja. Kwa nini bomu lile lililipukia kwenye viti vya wanawake? Kwa sababu ni viti ambavyo mtu anapewa kwa orodha ya chama, bila mwananchi kuulizwa. Mwanaume hawezi kufanyiwa vile. Hana viti vya namna hiyo. Tumejenga nafasi za wanawake juu ya karatasi inayosainiwa ofisini, halafu tunashangaa siku karatasi inapogombaniwa. Na matusi! Mimi nilikuwa sekondari wakati ule, nilisoma maoni ya mtandaoni ya watu wanaojiita wapigania demokrasia, na sikuwahi kuona mwanaume aliyehama chama akitukanwa kwa viungo vyake vya mwili. Wale waliounga juhudi mwaka 2017 na 2018 tuliwaita wasaliti, basi. Wanawake tuliwaita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa, mama yangu anasoma.

Na wakati kelele zote hizo zinaendelea, CHADEMA ilikuwa na mbunge mmoja tu wa jimbo aliyeshinda katika uchaguzi ule. Nkasi Kaskazini, Rukwa. Aida Khenani. Mwanamke! Katika uchaguzi uliowafyeka wanaume wote wakubwa, aliyebaki amesimama na kura zake mkononi ni mwanamke wa Nkasi. Mmesikia wangapi wakimtaja? Tumetumia miaka minne kuwajadili 19 waliopewa, na hatujatumia hata wiki moja kumuuliza aliyeshinda: dada, ulifanyaje?

Nimemtaja mama, nimalize habari yake.

Mama yangu ni mama lishe mwaloni, anapika kwa ajili ya wachenjuaji. Alikuwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji kwa miaka kumi, mmoja wa wale wanawake wanane wa viti maalum vya kijiji. Kijiji kwetu kilikuwa kinapata mradi kutoka fedha za mgodi. Mnajua baada ya marekebisho ya 2017 Sheria ya Madini inaitaka kampuni ikubaliane na halmashauri kuhusu mpango wa kurudisha kwa jamii kila mwaka, na ukiacha hayo kuna ushuru wa huduma, ambao mwaka 2024 ulikuwa asilimia 0.3 ya mapato. Kwa hiyo huku kwetu kiti cha uongozi si heshima tu, kina dhahabu nyuma yake. Ikaitwa siku ya kuamua: kisima au ofisi ya kijiji. Wanawake wanane wote walikuwa wanataka kisima, nikiwa mdogo nimewasikia wakisema hivyo jikoni kwetu. Siku ya kikao wageni wakaja na magari. Mwenyekiti akawaomba kina mama, kwa adabu kabisa, waandae chakula cha wageni. Mama alijua uamuzi wakati anapakua wali. Ofisi.

Ofisi ni nzuri, ina vigae. Maji tunayafuata kilomita zile zile.

Nilimuuliza miaka mingi baadaye, kwa nini hamkukataa kupika? Akasema, "Tungekataaje, sisi tulikuwa tumewekwa." Hakusema tulichaguliwa. Tumewekwa. Mama hajasoma Ibara ya 78 lakini ameielewa kuliko wahadhiri wangu wawili ninaowajua.

Ndiyo maana sitaki kusubiri "kwetu". Ninachodai kwa vyama vyetu vya upinzani ni kidogo na kinawezekana mwakani, hata kwa Katiba hii mbovu. Shinyanga na Geita zilikuwa na majimbo 13 mwaka 2020. Wekeni wanawake sita, na isiwe yale majimbo ambayo tayari mmekata tamaa nayo. Jimbo mnalodhani tunalishinda, hilo. Anayetaka viti maalum aonyeshe kwanza kwamba aligombea mahali, hata udiwani, na mwenye kipindi kimoja cha viti maalum atoke akagombee jimbo. Fomu ya mwanamke isilipiwe kwa vikao vya usiku. Mnajua ninachosema, na wanaoombwa rushwa ya namna ile wanajua zaidi. Fedha za kampeni zigawanywe wazi.

Na tukiwa tunadai Katiba mpya, tusisahau kilichokuwa ndani yake. Rasimu ya Tume ya Jaji Warioba ya 2013 ilipendekeza kila jimbo liwe na wabunge wawili, mwanamke na mwanaume, wote wa kuchaguliwa, na viti maalum vife kifo cha heshima. Tulisusia Bunge Maalum kwa sababu ya serikali tatu, na tulikuwa na haki. Lakini hebu jiulize, kwenye mabango yote tuliyobeba tangu siku ile, kipengele hiki umekiona mara ngapi? Wakenya wana wawakilishi wao wanawake 47 wa kaunti tangu 2013, na wanawalalamikia kila siku kwamba hawana kazi, na labda ni kweli. Lakini mama wa Turkana anapiga kura na anajua jina.

Kuna mtu ataandika hapa chini: binti, wewe una uchungu wa kunyimwa nafasi. Sijanyimwa bado. Fomu hazijatoka. Mwingine ataniuliza ukazi wangu, maana nasoma mbali. Kitanda changu kiko kwa mama, na kadi yangu ya kliniki ya utoto iko kwa mama, na msimu wa kulima mnaniona shambani kwa mama. Mwaka 2019 walituengua kwa vituko vya kila aina, hadi wengine wakaambiwa hawajui kuandika. Wakiniengua kwa ukazi, rufaa nimeshaanza kuiandika, kurasa tatu, na mwalimu wangu wa sheria za utawala ameniambia aya ya pili ni dhaifu kwa hiyo naiandika upya.

Mzee wangu wa baiskeli nimempigia simu jana. Nimemwambia sisubiri. Akakaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekata, halafu akaniuliza kama mama ameafiki. Nikamwambia mama ndiye aliyenipa nauli. Akasema basi nikija nipitie kwake, baiskeli ya kitongoji cha tatu haina mtu bado.

Fomu zikitoka nitakuwa kijijini. Anayetaka kuja kusaidia kuhamasisha watu wakajiandikishe aje, pa kulala papo, na aje na buti maana mvua za vuli zitakuwa zimeanza na barabara yetu mnaijua.